Mapafu ya Isidori na Kitufe cha Rangi

Jumapili, misa ya kwanza imetoka, kijiwe chetu cha Mfaranyaki kimejaa. Nassoro anamimina kahawa. Jamaa tunayemwita Redio, anayejua habari zote kabla hazijatokea, keshaanza kutangaza. Waziri, ambaye hajawahi kushika hata ubalozi wa nyumba kumi, kakunja nne. Mimi kazi yangu kuchekesha. Katikati yetu kakaa Isidori, miaka kumi na minne kwenye vumbi la kiwanda cha mbao, anakohoa mpaka benchi linatikisika. Tangu kiwanda kiuzwe, mwekezaji kaleta daktari na mashine ya kupuliza, ya kupima mapafu. Ukipata chini ya themanini kwa mia, unahamishiwa getini, kwenye hewa.

NASSORO: Umepata ngapi, kaka?

ISIDORI: Themanini na mbili. Mzima. Kesho narudi kwenye msumeno.

NASSORO: Mzima wewe? Hicho kikohozi cha nani sasa?

ISIDORI: Mashine ina kitufe. Kabla hujapuliza, daktari anachagua: Mzungu au Mwafrika. Nikamwomba anibonyezee Mzungu, nione. Pumzi ileile ikasoma sabini na mbili. Mgonjwa!

MIMI: Ungeng'ang'ania uzungu hukohuko, bwana, ukae getini!

ISIDORI: Daktari kasema kitabuni Mwafrika mzima ana mapafu madogo, pumzi hiyo inamtosha. Kazaliwa nayo.

REDIO: Nilijua! Wajerumani walianza kupima vichwa vya babu zetu. Sasa wamefika kifuani. Miaka tisini, wameshuka sentimita thelathini!

WAZIRI: Itafuata mizani ya sokoni. Inabonyezwa Mwafrika, unapewa nusu kilo ya unga, unaambiwa hiyo kwako ni kilo nzima.

REDIO: Na kaburi! Mzungu futi sita, wewe nne. Miguu nje!

Tukacheka. Isidori naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Alipoinua uso, mkewe Kunegunda alikuwa amesimama mbele yetu.

KUNEGUNDA: Hamjambo, shemeji zangu. Nimewasikia tangu pale kona. Hao Waafrika wa kwanza waliopimwa, wakaandikwa kitabuni kuwa ndio wazima, walitolewa wapi?

Waziri akashusha mguu.

KUNEGUNDA: Maana kama nao walitolewa kwenye vumbi la mtu, wakikohoa hivihivi...

Nassoro alikuwa anafuta kikombe kilichokwisha kauka.

ISIDORI: Mama Leonce, ovaroli ya kesho imekauka?

KUNEGUNDA: Imekauka.