Mkuu wa Anga Asogea Ukingoni

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, mingi kati yake akisimamia paa la kutazamia mji kwenye kilele cha jengo letu, bosi wetu anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Utawala umeniomba mimi, mpiga picha wa paa, niandike wasifu wake kwa jarida la wafanyakazi, na umesisitiza uwe wa kuchangamsha. Nitajitahidi. Anayetaka sifa tupu akasome maandishi yaliyo kwenye keki ya kumuaga.

Alianza chini, kwenye dawati la mapokezi, akiwa kijana mwenye sauti nzito na shati lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Sauti hiyo ndiyo iliyompandisha cheo. Mtu akiambiwa na sauti ile kwamba lifti ni mbovu, alishukuru na kuondoka. Basi paa lilipofunguliwa kwa wageni, akakabidhiwa yeye. Tukamwita Mkuu wa Anga kwa kumdhihaki, lakini jina likampendeza, akawa anajitambulisha nalo kwenye simu.

Sasa, kuna jambo ambalo kila mtu wa jengo hili analijua, na tuliamini ni mkewe tu asiyelijua: Mkuu wa Anga anaogopa kimo. Tena si kidogo. Akitoka kwenye lifti hakuwahi kukipita chungu cha maua cha kwanza. Alisimama pale mgongo ukutani, viganja vimegandamana na rangi ya ukuta, akitoa amri. Mara goti linamsumbua, mara jua ni kali, mara msimamizi hachanganyiki na wageni. Ofisi yake ya huko juu ilikuwa na dirisha moja, akaliziba kwa kabati. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetufundisha sisi mandhari.

Mandhari yenyewe aliitoa kwenye picha kubwa ya mji iliyotundikwa ofisini, ya mwaka ambao jengo lilizinduliwa. Kutokana na picha hiyo alitunga hotuba ambayo kila mwongozaji wa wageni alilazimika kuikariri: mbele yenu ni soko kuu, kushoto ni vilima, na kulia kwenu, mabibi na mabwana, ni mto wetu, ukijinyoosha kwa madaha. Hotuba ni tamu, sina ugomvi nayo. Ila baadaye benki ya jirani ilijenga jengo lake upande huohuo wa kulia, na tangu hapo kulia kwetu kuna ukuta wa kijivu na safu ya matangi meusi ya maji. Mto umebaki nyuma ya benki, unajinyoosha huko peke yake.

Mwongozaji mmoja, dada mkweli kupita kiasi, alimfuata ofisini kumweleza. Alijibiwa, "Unanifundisha mto? Mimi?" Wiki iliyofuata alihamishiwa kukagua sabuni vyooni, na mpaka leo tunamwita Dada wa Sabuni. Sisi wengine tukashika adabu. Tuliendelea kutangaza mto huku tumenyoosha mkono kwenye matangi, nyuso kavu kabisa.

Na wageni je? Hao ndio walionimaliza nguvu. Mtu amepanga foleni, amepanda mpaka masikio yameziba, anaonyeshwa tangi, anaambiwa mto, naye anatikisa kichwa kwa kuridhika. Bwana mmoja alimbeba mwanawe mabegani ili auone vizuri. Mwingine, mwenye miwani ya bei mbaya, aliapa kwamba ameona boti. Mimi niliwapiga picha mbele ya matangi, nikawapa ndani ya fremu zilizochapwa "Mto Wetu Kutoka Angani", nao wakazipeleka kutundika sebuleni. Niliwadharau wote, bosi na wateja, na kusema kweli nilifurahia kuwadharau. Ni burudani inayopitisha siku.

Nyumbani kwake habari zilikuwa nyingine. Mkewe, mshonaji nguo, mama mpole asiyepandisha sauti, alikuwa amesimuliwa kwamba mumewe hushinda ukingoni, na kwamba mto hubadilika rangi kadiri jua linavyosogea. Wakwe walisimuliwa, majirani walisimuliwa. Kila mama alipoomba kupanda, lifti ilikuwa kwenye matengenezo. Wiki iliyopita utawala, bila kumuuliza mtu, ukamwalika mama aje juu kumsindikiza mumewe.

Tulijipanga. Mwendesha lifti aliiacha lifti yake. Dada wa Sabuni alipanda akiwa bado na glavu mkononi. Mimi kamera ilikuwa shingoni, tayari. Hatukwenda kumuaga, tulikwenda kumwona akiumbuka. Mama akatoka kwenye lifti, akaangaza macho, akamshika mumewe mkono.

"Baba watoto, nionyeshe huo mto wako."

Angeweza kusema goti. Tuliliona kabisa goti likimjia mdomoni. Lakini mama alikuwa amevaa gauni jipya aliloshona kwa ajili ya siku hiyo. Mkuu wa Anga akalitazama lile gauni, akapiga moyo konde na kubanduka ukutani. Alikipita chungu cha maua akiburuta viatu, shati limeloa mgongoni. Alipokifikia chuma cha ukingo, akaking'ang'ania kwa mikono yote miwili. Ndipo akageuza shingo kulia.

"Uko wapi?" mama akauliza.

Hakuna aliyecheka. Pale palihitaji ile sauti tu. Halaiki ya watu wenye akili timamu ilikwishakubali kwamba tangi ni mto, na mama naye angekubali. Bosi wetu akafungua mdomo, ikatoka sauti nyembamba ambayo hatukuijua.

"Sijui, mama watoto. Sijawahi kusimama hapa. Naogopa."

"Najua unaogopa," mama akasema. "Kwani nyumbani nani anayepanda kiti kubadilisha balbu?"

Akamshika kiuno, akamgeuza taratibu upande wa kushoto, wakasimama wakitazama vilima. Mwendesha lifti alianza kukohoa kikohozi kisichokuwepo. Mimi nilimwonea wivu yule mzee, na sikuwa nimepanda na nia hiyo hata kidogo.

Picha iliyo kwenye ukurasa huu ndiyo ya dakika ile: ametoa macho, tai yake imepeperushwa na upepo hadi usoni, na mkewe anacheka. Aliniomba sana nisiichapishe. Nimeichapisha.

Mkuu wa Anga, tunakushukuru kwa sauti yako, kwa mashati yako, na kwa zile hatua chache za mwisho. Hotuba yako itaandikwa upya, na atakayeiandika ni Dada wa Sabuni. Tunakutakia siku njema huko chini, wewe na mama, kwenye nyumba isiyo na ghorofa. Mkitamani vile vilima, njooni wakati wowote. Tiketi mtakata dirishani kama watu wengine.