Faili Lililokosa Pa Kufungukia

"Karata zangu za kompyuta hazifutwi," nilimwambia kifungua mimba wetu jana, naye akajibu, "Mama, huo ni mchezo tu. Haya ni maneno ya mwisho ya baba." Ubishi huo umetuchelewesha, mtatusamehe. Sasa, kabla hatujamzika, nawaeleza mume wangu alikuwa nani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha uchapaji, mtoto wa tano katika chumba kimoja. Alilala kwenye droo ya kabati mpaka alipoanza shule. Anayebisha amwulize dada yake, wifi yangu yule pale anayejifanya hasikii. Alimaliza darasa la nane mwaka 1964, akaingia kiwandani kupanga herufi za madini ya risasi za kuchapia.

Tulioana tarehe 6 Agosti 1972. Alihamisha nyumba nzima kwa sanduku moja: masufuria, mapazia, hata stuli. Chumba kilikuwa kidogo hivi kwamba sanduku lilipofunguliwa, mlango ukagoma. Tulikaa ndani siku tatu. Yeye alisema ni saa moja, lakini hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Kompyuta zilipofika kiwandani mwaka 1989, alipewa kazi ya kutunza mafaili. Diski zilikuwa ndogo, naye kubana vitu alikuwa amezaliwa nako. Alichukua mafaili mia, akayabana yakawa moja linalojifungua lenyewe: uliite tu jina, linamwaga yote. Hata tembo angemtosheza kwenye kibiriti. Alipostaafu mwaka 2004, aliinunua kompyuta yake kuukuu, akaniwekea mchezo wa karata. Nimeishinda kompyuta mara elfu nne, na ushindi wote umehifadhiwa humo.

Tarehe 2 Februari 2019 alipatwa na kiharusi. Miezi tisa maneno yalikuwa mle ndani, yanagonga meno, hayatoki. Kila siku alinyoosha kidole kwenye kompyuta. Nilidhani anataka anitazame nikicheza. Basi nikacheza.

Alifariki tarehe 19 Novemba, saa nne asubuhi. Ndipo fundi, mwanafunzi wake wa zamani, alipokuta faili lenye jina langu, la tarehe 1 Februari. Lote limebanwa, kwa mazoea yake. Kulifungua kunataka nafasi, na diski imejaa pomoni. Kompyuta yenyewe ni ya kale, haipokei kifaa kipya; hakuna pa kuhamishia kitu.

"Nafasi kiasi gani?" nilimwuliza.

"Kama ya zile karata, mama."

Sikulala vizuri. Asubuhi hii nimemwambia azifute, na tangu hapo amejifungia na hiyo kompyuta chumba cha nyuma.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na dada asiyesikia. Apumzike penye nafasi, anyooshe miguu, na...

Ngojeni. Fundi ndiye huyo anaingia, amekumbatia karatasi kwa mikono miwili. Zote hizo? Njoo, mwanangu. Mimi sikusoma, nisomee wewe. Si kwa sauti, hapa sikioni. Naona hata wifi yangu ameanza kusikia.