Tecla Yescas, Aliyekataa Kufutwa

Ndugu, majirani na wenzetu wa kazi, Otilia, binti wa tatu wa marehemu, anasoma haya kwa niaba ya familia, na atasoma yote, hata yale ambayo wengine wangependa yarukwe.

Marehemu Tecla Yescas alizaliwa tarehe 23 Septemba 1941 hapa Santa María Yalhuani, milimani Oaxaca, mtoto wa Gaudencio Yescas na mkewe Petrona, akasoma hapahapa hadi darasa la nne, mwaka 1953, alipoachishwa ili alee wadogo zake, jambo ambalo hakulisahau wala hakulisamehe. Alilima mahindi na kahawa, na tarehe 8 Mei 1960 akaolewa na Melquíades Illescas, wakajaliwa watoto watano, wawili wakatangulia wakiwa wachanga, na mumewe akafariki Januari 1998. Tangu hapo jina lake ndilo lililoitwa asubuhi za tequio, kazi yetu ya pamoja ya kijiji, naye akaitika miaka kumi na minane, isipokuwa mwezi aliovunjika mkono.

Tarehe 14 Februari 2016 mkutano wa kijiji uliamua kwamba wote waliotimiza miaka sabini wafutwe kwenye orodha ya tequio, wakae nyumbani waletewe chakula. Marehemu alisimama akauliza, "Mnanifuta nikiwa bado natafuna?" Kijana mmoja akamwambia, "Bibi, we nenda ukaote jua," naye akamjibu, "Jua linanikuta hata nikishika sururu, mjukuu wangu, wewe ndiye ambaye halijakuona tangu Jumatatu." Watu walicheka, kisha wakamfuta.

Jumamosi iliyofuata alikwenda na sururu yake bila kuitwa, msimamizi akampanga na Yareli Bautista, binti wa miaka ishirini na mitatu aliyekulia mjini kwenye nyumba isiyo na bibi wala babu, aliyesema waziwazi kwamba wazee anaowajua yeye wanasinzia na kulalamika tu. Hatutasema uongo mbele ya jeneza, marehemu alikuwa mzito, mtaro wao wa bomba la maji ulikuwa wa mwisho kila juma, wakagombana kuhusu wanaume, siasa na chumvi, na wakati wa chakula cha mchana alichota maharage ya Yareli bila kuomba. Lakini tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo Yareli alisimama mkutanoni akasema, "Bi Tecla ni mkaidi, na maharage yangu anayamaliza, lakini ni mwenzangu wa mtaro, si mgonjwa wangu, mkimfuta yeye nifuteni na mimi." Jina likarudi, kwa tofauti ya kura tatu.

Mwaka 2019 alipatikana na kisukari, miguu ikamkatalia, akawa anachekecha mchanga ameketi juu ya ndoo, hadi figo zilipochoka, akafariki tarehe 11 Machi 2023, saa nne asubuhi. Wapo wanaonong'ona kwamba kazi ndiyo iliyomuua, cheti cha daktari tunacho, aje akisome anayetaka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa zahanati, majirani walioleta mahindi na kuni, na Yareli na wenzake waliochimba kaburi jana, wakibishana kwa sauti kama alivyowazoesha.

Mama, sasa pumzika kwa amani, safari hii hakuna aliyekupigia kura.