Mwenye Jina Ni Dafne Nekesa

Marehemu Dafne Nekesa alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1988, Kimilili, binti wa tatu wa Mama Anjelina Naliaka. Nekesa ni kwa sababu alizaliwa msimu wa mavuno. Dafne lilikuwa jina la muuguzi aliyemzalisha.

Alisoma Kimilili, kisha akahitimu ususi Eldoret mwaka 2009. Chuoni alisuka bweni zima. Mwalimu wa zamu alikuja kufoka, akaishia kuketi na yeye asukwe.

Mwaka 2013 alifika hapa Muscat, Oman, akaishi mtaa wa Sib chumba kimoja na Priscah, huyu aliyeketi safu ya mbele na miwani yake nyeusi. Mwaka 2018 walifungua saluni Qurum, wakaiita Dafne, maana wateja walimfuata yeye.

Aliolewa na Fidel Wafula, fundi umeme, mwaka 2017. Mwaka 2019 alienda nyumbani kumzaa Ian, na huku nyuma Priscah akaandikisha saluni na jina bila yeye. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Dafne aliporudi alizuiwa mlangoni. Akawa anasuka nyumba kwa nyumba Bawshar, na akijitaja, wateja wanamwona mwongo, kwa kuwa Priscah alishawafunza wasusi wake wote wajiite Dafne kwenye simu.

Dafne hakudai saluni. Alidai jina. Priscah alimjibu, bila haya, kwamba jina ni la Wagiriki, la msichana wa hadithi aliyemkimbia mungu wao hadi akageuka mti. Liko kwenye manukato, kwenye meli, hata paka wa watu wanaitwa hivyo, halina mwenyewe. Mama Anjelina alipoambiwa alisema, "Wagiriki hawakumbeba miezi tisa."

Januari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Fidel. Asubuhi hiyo kaka yake Rufus, anayewasomea haya, alipiga simu saluni kutoa taarifa ya msiba. Sauti nyororo ikapokea: "Dafne hapa, nikusaidie?" Rufus alikata simu, akalia.

Ameacha mume, mtoto mmoja, kaka, dada wawili, na mama anayetusikiliza kwa simu kutoka Kimilili. Priscah, mama ana ombi moja kwako. Kuanzia leo mtu akipiga simu saluni akimtaka Dafne, mwambie amekufa.

Apumzike kwa amani.