Kikao cha Mtaala Ng'ambo ya Barabara

Benchi letu liko mbele ya chumba changu cha kunyolea, na kwa kuwa mimi ndiye kinyozi, najua nani hukaa wapi na kwa nini. Upande wa ukutani hukaa Antena, fundi wa televisheni asiyeamini kitu chochote kinachopita hewani. Katikati ni Shemeji, mwenye duka la kutoa nakala, aliyeitwa hivyo kwa sababu dada zake wote wameolewa mtaa huu huu. Mwisho wa benchi, jirani na kahawa, ni pa Baba Pacha, fundi bomba. Kahawa yenyewe ni ya Dada Birika, na nimemchunguza siku nyingi: mtu akitaka kuondoka tu, yeye humjazia kikombe. Mbele yetu ni barabara, na ng'ambo ya barabara ni geti la chuo. Ukiinua kichwa unauona ukumbi wao na madirisha yake yote. Asubuhi hiyo madirisha yalikuwa wazi, viti vimepangwa, na Baba Pacha alifika amevaa shati lililopigwa pasi.

— Unaoa tena? Antena alimuuliza.

— Nina kikao pale chuoni. Nanywa kimoja, navuka.

— Kikao cha nini?

— Wanabadilisha mtaala wa kompyuta. Wanataka walioko mwaka wa tatu nao waingizwe kwenye huo mpya, na wakiingizwa wanaongezewa mwaka mzima. Si unajua mwanangu yuko mwaka wa tatu?

Tulijua. Mtaa mzima ulijua. Hospitali ilikuwa imemwahidi yule binti kazi katika kitengo cha kumbukumbu za wagonjwa, mradi amalize mwaka huu. Asipomaliza, nafasi inakwenda kwa mwingine. Baba Pacha alikuwa ametusimulia habari hiyo mpaka Dada Birika naye akawa anawasimulia wapita njia.

— Binti kaniambia, baba njoo, mwenyekiti atauliza wazazi wanasemaje. Mzazi hata mmoja akisimama akapinga, inabidi suala la mwaka wa tatu lijadiliwe upya. Ndivyo taratibu zao zilivyo.

— Na wewe ukaamini, alisema Shemeji.

— Kwani kuna nini?

Shemeji aliweka kikombe chini. Shemeji akiweka kikombe chini, ujue hasemi kwa ufupi.

— Rasimu ya mtaala huo nani aliitoa nakala? Mimi. Nimeipitisha kwenye mashine yangu kwa mikono yangu. Sasa nisikilize. Kuna mahali wameandika kwamba mafunzo ya vitendo yatafanyika jengo la kaskazini, karibu na kituo cha treni.

Tuligeuka sote kutazama chuo. Kina jengo moja na kibanda cha mlinzi.

— Treni gani? niliuliza.

— Ndiyo nakuuliza wewe! Wameuchukua mtaala wa chuo cha watu wengine huko waliko, wakabadilisha jina la juu, wakasahau treni. Halafu wanawaita wazazi kutoa maoni. Maoni ya nini, ya treni?

Baba Pacha alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi.

— Hiyo nayo ni hoja, alisema. Nitaisema hiyo ya treni.

— Utaisemea wapi? Antena aliingilia. Ukifika mlangoni wanakuandika jina. Basi, umekwisha. Kesho wanatangaza kwamba wazazi walishirikishwa. Mzazi nani? Fundi bomba fulani. Ukae kimya, upige kelele, jina lako lipo pale pale.

Hilo lilikuwa na sura ya ukweli. Dada Birika alimwongezea Baba Pacha kahawa.

— Kwa hiyo nisiende?

— Sijasema usiende, alisema Antena. Nasema ujiulize. Hilo somo lenyewe asili yake ipi? Mimi nilikuwa nafunga antena zao pale chuoni zamani, nimeliona likihama. Kwanza lilikaa kwa watu wa hesabu. Mara likahamia kwa watu wa umeme. Mara watu wa maktaba wakasema, taarifa ni zetu tangu enzi za vitabu, wakalibeba na kulibadilisha jina. Juzi nasikia watu wa biashara nao wanalitaka. Mtu akihama nyumba namna hiyo, wewe kama mwenye nyumba utampa chumba?

— Labda linakua, alisema Baba Pacha. Binti alinieleza. Kwamba zamani mashine zilikuwa za kupiga hesabu tu, sasa ziko benki, ziko hospitali, ziko mfukoni, kwa hiyo na mafunzo lazima yapanuke. Anasema mtaala ukikaa muda mrefu bila kuguswa, mnafundishwa vitu ambavyo havipo tena.

— Ameelezwa hivyo na nani?

— Na walimu.

— Haya basi! Antena alipiga paja. Mshtakiwa na shahidi ni mtu mmoja.

Nami nilikuwa na langu. Nisingeweza kulikalia, maana kunyoa vichwa vya walimu kumenipa habari nyingi.

— Mtazameni muuza kompyuta, nilisema. Yule mwenye lile duka lenye milango ya vioo. Shule ya sekondari hapo nyuma, aliwapa mashine, na mwaka ule ule mtaala wao ukawa na somo la programu zilizokuwa kwenye mashine zake. Alipozichukua tena mashine zake, mwalimu aliendelea kufundisha kwa ubao. Amechora vitufe vyote kwa chaki, watoto wanakwenda mmoja mmoja kubonyeza ukuta. Kuna mtoto nilimnyoa, vidole vinakwenda kama mvua, hajawahi kugusa mashine.

— Hilo kweli, alisema Dada Birika. Wa kwangu anarudi na chaki mpaka kwenye nyusi.

— Sasa nauliza, mtaala unaandikwa na walimu au na mwenye duka?

Kabla sijamaliza, gari jeupe lilisimama kwenye geti la chuo. Akashuka muuza kompyuta mwenyewe, mkoba kwapani, akampa mlinzi mkono, akaingia ukumbini kama anayeingia sebuleni kwake. Nilihisi nywele zangu mwenyewe zinasimama.

— Mmeona? nilinong'ona. Mmeona au hamkuona?

— Tumeona, alisema Shemeji. Mchongo umekamilika.

Baba Pacha alisimama. Alivuta shati lake nyuma, akatazama barabara, akatazama ukumbi.

— Basi ndiyo sababu ya kwenda, alisema. Mnataka yeye aseme anavyotaka mle bila mtu wa kumpinga?

— Kaa kwanza, kahawa inapoa, alisema Dada Birika.

— Na utasema nini? Shemeji alimuuliza, safari hii kwa upole. Mle ndani wana maneno yao, ndugu yangu. Watakwambia sijui mfumo, sijui umahiri, sijui moduli. Utasimama uwaambie nini?

Baba Pacha alikaa. Nilimwona akiitazama mikono yake, ile mikono inayoingia chini ya masinki ya watu, na nilimhurumia. Huruma yangu siku hiyo ilikuwa ya macho tu.

— Hilo ndilo linaloniumiza, alisema. Binti ananiambia njoo, sema tu kwamba mwanao alianza kwa makubaliano fulani, amalize kwa hayo hayo. Nimeyarudia maneno hayo njia nzima. Sasa nimefika hapa yamenitoka.

— Yamekutoka kwa sababu si ya kwako, alisema Antena. Nani kamwambia binti akwambie hivyo? Huoni umewekewa mtego kuanzia nyumbani?

— Antena, yule ni mwanangu.

— Simsemi mwanao. Nasema walioko nyuma yake. Sikilizeni niwaambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kila mtaala mpya wanachomoa kitu kimoja. Huu wanachomoa hiki, ule kile. Mtoto anahitimu, anafika kazini, anaambiwa ah, hiki hukusoma, rudi. Anarudi. Ndiyo maana hamna anayemaliza. Mnadhani kusoma kompyuta ni barabara? Ni mzunguko ule wa magari, na njia ya kutokea wameiziba.

— Wanaochomoa ni akina nani? niliuliza.

— Mashine, alisema Dada Birika.

Tulimtazama. Alikuwa anapangusa vikombe bila haraka.

— Mimi naleta kahawa mpaka ofisini kwao, alisema. Siku hizi mwalimu hakuni kichwa tena. Anaiuliza mashine, mwaka ujao tuwafundishe nini, nayo inamwandikia ukurasa mzima kabla sijamimina. Anasoma, anaitikia kwa kichwa. Sasa wewe ndiwe mashine, umeulizwa binadamu wafundishwe nini kukuhusu. Utasema nini?

Lori lilipita, vikombe vikatetemeka.

— Ningesema wafundishwe kunitunza, alisema Shemeji polepole.

— Kunipa umeme, nilisema.

— Kuninunulia ndugu zangu, alisema Antena, na macho yake yalikuwa yamemtoka. Lakini kuna somo moja nisingelikubali. Shemeji, wewe umeitoa nakala rasimu nzima. Kuna mahali wanafundishwa kuizima?

Shemeji alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inatembea, kurasa baada ya kurasa.

— Kuwasha lipo, alisema hatimaye. Kuzima sikuliona.

Wallahi nilisikia baridi mgongoni, jua likiwa utosini. Antena alivua kofia yake. Dada Birika alisema, jamani, mimi nilikuwa natania, lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayetania. Tukaanza kuongea wote kwa pamoja. Antena akasema ndiyo maana chuoni taa haizimwi usiku. Shemeji akakumbuka kwamba mashine yake ya nakala ilijiwasha yenyewe wakati akitoa rasimu ile ile, na mimi nikasema hata mashine yangu ya kunyolea tangu mwezi uliopita ina tabia za ajabu. Hata Baba Pacha alisogea karibu na kuuliza kama bomba la maji la kisasa, lile linalofunguka ukisogeza mkono, nalo linahusika. Tulimwambia linahusika sana.

Utamu wa maneno ulikuwa umetupanda kichwani. Dada Birika alimimina na kumimina, na machicha ya kahawa yakaanza kuonekana ndani ya vikombe.

Ni Shemeji aliyeona kwanza.

— Wanatoka.

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Walimu walitoka wakipigana mabega, wakicheka kama watu wanaokwenda kula chakula cha mchana. Muuza kompyuta alitoka katikati yao, mwenyekiti amemshika mkono, hawaachani. Baba Pacha alisimama haraka mpaka kikombe chake kikaanguka, na hakukiokota.

Binti alitoka wa mwisho. Alisimama getini, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akatazama moja kwa moja upande wetu. Akavuka. Alikuwa na mkoba begani na uso uliooshwa kwa maji punde tu, ile namna ya mtu asiyetaka ijulikane kwamba amelia.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba, mama, tuliitikia, kila mmoja kwa wakati wake.

— Imekuwaje? Baba Pacha aliuliza.

— Wamepitisha. Mwaka wa tatu tunaingia kwenye mpya. Tunaongeza mwaka.

— Hawakuuliza wazazi?

— Waliuliza. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mzazi mwenye pingamizi. Akangoja. Akauliza tena, akatazama mlangoni kabisa. Mimi nilinyoosha mkono, akaniambia wewe ni mwanafunzi, zamu yako imepita. Halafu yule mwenye duka la kompyuta akasimama, akasema yeye naye ana mtoto anasoma sekondari, kwa hiyo anaweza kuwasemea wazazi, na wazazi wameridhika.

Antena alifungua kinywa. Naijua ile namna yake ya kufungua kinywa, alitaka kusema, niliwaambia. Nilimkanyaga mguu.

— Hospitali je? Baba Pacha aliuliza, na sauti ilikuwa ndogo.

— Nitawapigia leo niwaambie wasinisubiri.

Alisema hivyo bila hasira. Ingekuwa heri angetufokea, mimi binafsi ningeshukuru. Aliinamisha kichwa, akakiona kikombe chini, akakiokota na kumpa Dada Birika. Dada Birika alikipokea, akainua birika kwa mazoea ili amimine, na hakikutoka kitu. Akabaki amelishikilia hivyo hivyo limeinama.

Binti akamgeukia baba yake. Alilitazama lile shati lililopigwa pasi, kola yake, vifungo vyote vimefungwa mpaka juu. Kisha akatutazama sisi mmoja mmoja, na benchi, na barabara yenyewe ambayo mtoto mdogo angeivuka akiruka kwa mguu mmoja.

— Baba, nilikuwekea kiti kando yangu, alisema. Nilikuwa nakikatalia watu. Ulikuwa wapi?