Mama Mtaro na Dai Alilotuachia

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika: dada yangu aliniagiza nisome maisha yake kwa sauti, nisiruke kitu. Ameondoka na jambo moja moyoni, nalo ni mguu wa fundi mabomba aliyeketi pale na magongo yake. Tutafika hapo. Kwanza nimweleze mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kituo cha kusukuma maji. Alikuwa kifungua mimba wa baba msoma mita na mama mshonaji. Mama hupenda kusema kwamba mtoto huyu alianza kuuliza maswali kabla hajaota meno.

Alimaliza sekondari ya wasichana mwaka 1980, akapata stashahada ya bima mwaka 1983. Hesabu aliziweza. Kushona kulimshinda kabisa, ingawa mama alimng'ang'aniza. Gauni la mahafali alilojishonea lilifumuka mgongoni akiwa jukwaani, akashuka kinyumenyume huku akiinamisha kichwa. Wageni wakadhani ni adabu, wakampigia makofi.

Mwaka 1984 aliajiriwa na kampuni ya bima, na mwaka 1995 akafungua ofisi yake ya uwakala, juu ya duka la vifaa vya umeme. Wateja wake walikuwa kampuni za umeme na maji pamoja na wakandarasi wao: wachimba mitaro, wapanda nguzo, wachomelea mabomba. Mawakala wengine waliandika bima wakiwa mezani. Yeye alivaa gambuti, akashuka mtaroni, akatazama kama kingo zimezuiwa kwa mbao, kisha akamuuliza kila kibarua ameajiriwa na nani.

"Kama mwenyewe hajui," alimwambia mhandisi mmoja, "siku ya ajali nani atajua?"

Ndiyo maana wakamwita Mama Mtaro. Jamani, hakuwa mtu mwepesi. Hata harusini alikuwa akikagua nyaya za spika, sisi tukijifanya hatumjui. Lakini wakandarasi waliomlalamikia walirudi kwake kila mwaka, maana walijua akishasema umekingwa, umekingwa kweli.

Mmoja wao ni shemeji yetu. Marehemu akiwa bado kwenye kampuni ya bima, huyu alikuwa akijenga njia za umeme, akaja kutaka bima ya vijana wake. Marehemu akaiangalia mikanda yao ya kupandia nguzo, akaiona imechakaa, akakataa.

"Dada, kwani unauza bima au unauza mikanda?" shemeji akauliza.

"Bima nauza. Mikanda kanunue."

Shemeji akaondoka amefura. Wiki iliyofuata akarudi na mikanda mipya begani, akaambiwa avae mmoja apande nguzo iliyokuwa nje ya ofisi. Akapanda, na viatu vyake vya ofisini. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989, na kwa miaka yote hiyo sijasikia akijuta.

Oktoba 2022 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kazini tukimkataza. Katikati ya mwaka uliofuata mtaro wa bomba kubwa uliporomoka ukamsaga fundi huyu mguu. Kampuni ya maji ikasema fundi ni wa mkandarasi. Mkandarasi akasema ni wa yule aliyemgawia kipande cha kazi, na huyo kashatoweka. Kampuni ya bima ikasema inawasubiri hao wawili wakubaliane. Daktari wa mifupa akasema mguu hauwezi kusubiri: asipopasuliwa tena mapema, utakatwa.

Dada akaitisha kikao cha kuamua nani alipe. Mara mhandisi wa kampuni ya maji ana safari, mara mkandarasi ana homa, mara ofisa wa madai wa bima yuko semina. Ugonjwa ulipomrudia, aliendelea kuwapigia akiwa kitandani. Muuguzi akamnyang'anya simu ili apumzike, dada akaazima ya mgonjwa wa kitanda cha jirani. Iliniuma kumwona akibembeleza watu huku sauti inamkauka.

Siku moja akaniambia, "Mdogo wangu, nikifa watakuja wote. Hawa watu kwenye msiba hawakosi."

"Dada, usiseme hivyo."

"Nishasema. Wewe wapangie viti."

Alifariki Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume, wajukuu wanne, mama yetu mzazi, na sisi wadogo zake ambao hatujui sasa nani atatugombeza. Na ameacha dai moja.

Maneno haya ya mwisho hayamo kwenye ratiba mliyoshika. Mhandisi wa kampuni ya maji, nimekuona safu ya pili, karibu sana. Mkandarasi, asante kwa kutusaidia kubeba jeneza. Ofisa wa madai, shada lako tumelipokea. Tukishazika, kuna viti vinne kwenye chumba cha mbele, cha nne ni cha fundi. Chai itakuwepo. Shemeji atakaa mlangoni.

Dada, umechoka, pumzika kwa amani. Nyinyi watatu, bado.