Jeneza la Mama Mkwe na Akili Isiyokaa

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Najua wengine mmeitika kwa mdomo tu, huku mkisubiri kuona huyu mzee atasema nini. Haya nimeyaandika kwenye daftari, kwa sababu nikiongea bila karatasi nitaanza na Yesu na kumalizia na aina za mbao.

Mimi ni seremala hapa mtaa wa Jericho. Shule nilifika darasa la tatu. Mwalimu aliniambia nikae nitulie, nikashindwa, akanichapa, nikatoka na sikurudi. Nairobi nilikuja na shati moja. Nilibeba simiti Industrial Area, nikajifunza kupiga randa kwa kuwaangalia wengine wakipiga, na kibanda changu nilikiezeka kwa mabati niliyookota jalalani Dandora, moja moja. Hakuna aliyenishika mkono. Nalisema hilo kwa fahari wala siombi msamaha.

Lakini ndugu zangu, kuna jambo lililonitesa tangu utoto. Nilikuwa simalizi kazi. Ukiniletea kazi ya kitanda, siku ya kwanza nitaifanya kuliko fundi yeyote wa Eastlands. Siku ya pili kitu ndani yangu kinazimika kama stovu iliyoishiwa mafuta ya taa. Nauangalia ule ubao na mkono hauendi. Hapo hapo nasikia mtu akigonga chuma mtaa wa pili, na miguu imeshanipeleka kumwangalia. Kibandani kwangu palikuwa na kabati zisizo na milango na viti vya miguu mitatu. Wakati mwingine moto wa kazi ulinishika kwa nguvu, nikafanya kazi siku mbili bila kula wala kukaa, halafu wiki nzima nalala nimeuelekeza uso ukutani. Watu waliona ile wiki ya kulala. Zile siku mbili hakuna aliyezihesabu.

Mliniita mvivu. Ndiyo, ninyi mliokaa hapo mbele.

Basi mwaka uliofuata uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mama mkwe alifariki hapa Nairobi, alikokuja kutibiwa. Kwetu Bungoma, mama mkwe humpi mkono wala humsogelei. Unamheshimu kwa kukaa mbali naye. Miaka ishirini na sita nilikaa na binti yake, na yeye sikuwahi hata kumpokea mzigo. Nikasema moyoni, huyu mama sasa nitamfanyia kitu kwa mikono yangu. Nikawatangazia wakwe matangani kwamba jeneza nitalitengeneza mimi, na la kununua sitaki kuliona. Shemeji yangu Wafula, kaka mkubwa wa mke wangu, alisema si desturi mkwe kuchonga jeneza la mama mkwe. Nikamjibu kwa kiburi, mbele ya watu, kwamba desturi haijui kupiga randa.

Nilikuwa na siku nne. Gari la kumpeleka nyumbani lilikuwa liondoke mochari Alhamisi saa nane mchana. Jumatatu nilifanya sanduku lote, ndugu zangu, na lilikuwa zuri. Jumanne nikaanza kifuniko, nikakiona cha kawaida mno, nikakiacha nichore kingine. Jumatano nikaenda soko la Gikomba kununua bawaba. Huko nikamkuta mtu na mashine ya kuchonga miguu ya makochi, mguu unazunguka na mbao inatoka laini kama siagi. Nikasimama kuangalia. Nikamuuliza swali moja. Akaniachia nijaribu. Nawaambieni kweli, sikumsahau mama mkwe kwa sababu simpendi. Aliondoka tu kichwani mwangu, kama mtu anayetoka chumbani bila kuaga.

Nilirudi jioni na miguu minane ya kochi. Bawaba sikununua.

Alhamisi saa sita wakaja na pikapu. Wafula aliingia kibandani, akaliona sanduku halina kifuniko, akaiona ile miguu minane imepangwa juu ya meza. Hakupiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, hii miguu ni ya nani?"

 Mama yao alizikwa kwa jeneza la kununua barabarani, lenye misumari iliyojitokeza nje. Na mimi nikatumiwa neno kwamba nisikanyage matangani. Mke wangu Nafula alipanda gari na ndugu zake. Kabla ya kupanda alinigeukia, akasema, "Baba Nekesa, ungeniambia tu hutaki." Akaenda na hakurudi.

Ndugu zangu, mimi nilitaka.

Ndipo wazee wa kanisa mkanichukua. Mlisema ni pepo la uvivu. Mkanifungisha kula siku tatu, mkanizunguka, mkanikandamiza kichwa. Mlitangaza kwamba nilianguka kwa nguvu za Roho. Nilianguka kwa njaa, na kwa sababu mzee mmoja alinisukuma. Nyumbani nilijaribu kumaliza kabati moja tu ili nione kama pepo limetoka. Kabati hiyo haina mlango mpaka leo. Sasa nikawa na ubaya maradufu: mvivu, na tena mvivu ambaye Mungu ameshindwa kumponya.

Usingizi ukanikimbia, nikaenda hospitali kutafuta vidonge vya kulala. Daktari alikuwa dada wa umri mdogo kuliko binti yangu Nekesa. Hakuandika vidonge. Aliniuliza habari za utoto, shule, kazi, mpaka nikakasirika. Mwishowe akasema, "Mzee, wewe si mvivu, na huna pepo. Umezaliwa na akili isiyokaa mahali pamoja. Inashika kitu kimoja mpaka inakuunguza, ama haishiki kabisa." Wazungu, akasema, wameipa jina la herufi nne, nayo huonekana zaidi kwa watoto kwa sababu wakubwa wamejifunza kuificha. Dawa yake hakuwa nayo hapo. Aliniambia nitafute kitu nje ya kichwa changu cha kuigawanya siku, na mtu wa kukaa karibu nikifanya kazi.

Nilitoka pale nikalia kwenye ukuta wa hospitali. Si kwa furaha. Nililia kwa sababu nilikuwa na miaka hamsini na nane.

Sasa nifike pale ambapo wazee wameniomba nipaache. Jirani yangu kibandani ni Hassan, fundi cherehani, Muislamu. Kati yetu kuna ubao mmoja tu. Miaka mingi alinitania, "Baba Nekesa, hiyo kabati imeota mizizi, sasa imwagilie maji." Siku ile nilimweleza aliyosema daktari, nikingoja acheke. Hakucheka. Aliniuliza nina kazi gani. Nikamwambia mwaka ukiisha wakwe watafanya ukumbusho wa mama, nami nataka kupeleka mabenchi sita ya kukalia waombolezaji, ingawa sijaalikwa.

Hassan akabeba mbao zangu zote, kabati zote na vile viti vibovu, akaviweka upande wake na kuvifunika kwa kitambaa. Akaniachia mbao za benchi moja na msumeno. Akasema, "Mimi hufanya kazi mpaka adhana. Ikilia nasimama, hata sindano ikiwa katikati ya kitambaa. Na wewe fanya hivyo. Adhuhuri mpaka alasiri, miguu ya benchi hili. Kazi nyingine usiniulize." Akavuta cherehani yake mpaka mlangoni kwangu, akakaa.

Ndugu zangu, nilikasirika kama mtoto. Lakini ile cherehani ikilia kando yangu, mkono ukaenda. Nikinyanyuka kwenda kuona mambo ya watu, ananiita, "Mzee, adhana bado." Ikilia, yeye huenda msikitini, na mimi naweka msumeno chini hata kama moto umeshika. Nakunywa chai, naongea na Mungu wangu kwa lugha yetu ya Kibukusu. Akirudi, tunaanza. Hizo siku mbili za kujiua kwa kazi ziliisha, na ile wiki ya kulala ikaisha nayo. Zipo siku tulizoshindwa, na zipo hadi leo. Lakini mabenchi sita yaliisha, ya mbao ya mvule, wiki nzima kabla ya siku yenyewe.

Niliyapeleka Bungoma mwenyewe. Wafula alinikuta getini. Akalipindua benchi moja, akaangalia chini yake kama anayetafuta uongo, akalikalia. Akaniambia yuko mtu jikoni anayepaswa kuliona. Nafula akatoka, akayahesabu kwa kidole, akanikazia macho. Nilimweleza yale ya daktari papo hapo, nimesimama, mbele ya kaka yake.  Kisha akasema, "Kwa hiyo mama yangu alizikwa vile, na hakukuwa na mwenye kosa?"

Nikamwambia kosa ni langu. Nilichojua sasa ni chanzo chake tu.

Amerudi nyumbani. Leo amekaa safu ya nne. Hajasema amenisamehe, nami sijamuuliza. Mama yake hatazikwa mara ya pili, na hilo nalala nalo.

Namshukuru Mungu. Aliniokoa kwa mkono wa Muislamu mwenye cherehani, na asiyependa kusikia hilo aende akabishane na Mungu aliyemtuma. Na wewe uliye hapa umejificha, unayeanza na humalizi, uliyepigwa ukaitwa jina: mwamini Bwana, hakukuumba kwa makosa. Kibanda changu kiko wazi siku zote ila Jumapili. Njoo na hiyo kazi iliyokushinda, hata kama ni barua. Sitakuwekea mikono kichwani. Nitasogeza benchi, nami nitakaa.